Konteri, Magurudumu na Mazutu ya Kamioneti Yetu



Kamati ya kamioneti inawashukuru kwa nafasi hii. Mulitutuma kazi moja: tutafute juu ya nini kamioneti ya chama inakula mazutu mingi tangu ilipobadilishiwa magurudumu. Tumemaliza. Maneno haya yatachapwa pia katika gazeti letu dogo, kwa ajili ya wale walio mashambani na wale waliobaki ng'ambo ya mpaka, Kitwe na Chingola, wanaotumaka michango yao hata kama hatuwaoni hapa.

Tuanze na lile linalouma. Katika kikao cha mwezi wa tatu, daftari la mazutu lilifunguliwa mbele ya kijana wetu shofere. Daftari lilionyesha lita 378 kwa kilomita 3,000 za konteri. Kabla ya magurudumu mapya, gari hilihili lilikuwa linakula lita 11 kwa kila kilomita 100, maana yake kilomita 3,000 zingetaka lita 330. Zikabaki lita 48 bila mwenyewe. Bido mbili za lita 20, na lita nane juu. Mtu mmoja akasema kwa sauti kile ambacho wengine walikuwa wanasema chinichini: "Uyu mutoto anauzishiaka ba-kadafi mu njia." Tangu siku ile malipo yake yamefungwa. Mama yake hajakuja tena kwenye likelemba ya bamama, na wote munajua kiti chake kilikuwa wapi.

Njo maana kazi hii hatukuifanya kama mchezo. Neno la wizi likishamwangukia mtu katika chama kama chetu, halitoki kwa kunawa. Sisi ni watu tuliokwisha kutawanyika mara moja. Wengine tuliondoka mwaka 2004, wakati mgodi wa Shinkolobwe ulipofungwa kwa amri ya rais, ukaanguka na kuua watu 8 mwezi wa saba, na kijiji kikaondolewa. Wengine walirudi kutoka Zambia baada ya miaka mingi. Tumepata mashamba kando ya barabara hii, kilomita kama 20 kutoka Likasi, na hakuna basi linalofika. Kamioneti inashusha mahindi na makala, inapandisha mbolea na sementi, inapeleka mama mwenye uchungu hospitali usiku, inaleta jeneza. Mawe ya kule haibebi, na tunarudia hapa mbele ya wote kwamba haitabeba. Chama kilikubali kulisha gari hili kutoka sanduku lile lile la kilio. Kwa hiyo kila lita inayopotea inatoka katika sanda ya mtu.

Sasa tuje kwenye magurudumu.

Gari letu ni Hilux ya zamani ya magurudumu manne yanayovuta, motere ya dizeli 2L ya sentimita za ujazo 2,446, bila turbo. Ni motere mvumilivu. Lakini haina nguvu ya kutupa: farasi wake hawafiki 90, na hao walihesabiwa gari likiwa jipya. Mipira yake ya zamani, zile pine tulizolikuta nazo, ilikuwa 205R16. Kipwa iliyopita mtoto mmoja wa chama anayefanya kazi Lubumbashi alituletea mipira minne 7.50R16, bado mizuri, kama zawadi. Tulimpigia makofi hapa hapa, na hatumrudishii makofi hayo. Aliona barabara yetu wakati wa mvua, akafikiri kwa moyo mzuri: mpira mrefu unapita matope, na tena motere itazunguka polepole, kwa hiyo mazutu itabaki. Nusu ya fikira hiyo ni kweli. Tutafika.

Mtu anaweza kuuliza: si zote ni 16? Ndiyo, na hapo ndipo wengi wanapotea. Ile 16 ni kipimo cha janti, chuma cha ndani, kwa inchi. Haisemi kitu juu ya urefu wa mpira wenyewe. Katika 205R16, ile 205 ni upana wa mpira kwa milimita. Katika 7.50R16, ile 7.50 ni upana pia, lakini kwa inchi. Lakini upana peke yake hausemi urefu wa ubavu, na ubavu wa 7.50R16 ni mrefu zaidi. Ukiisimamisha yote miwili ukutani, 205R16 inafika sentimita kama 73 au 74 tangu chini mpaka juu, 7.50R16 inafika kama 80. Janti ni moja, lakini ukitembeza kila mpira mzunguko mmoja, mrefu utakutangulia.

Tuliutangulia kwa chaki. Mipira ya zamani ilikuwa bado nyuma ya jiko la mama wa sanduku, kuku walikuwa wanatagia ndani, na tunamshukuru kwa kuwahamisha. Tulivalisha gari mipira ya zamani nyuma, tukaiweka hewa, tukapiga alama ya chaki kwenye mpira na nyingine chini kwenye saruji ya uwanja, tukasukuma gari polepole mpaka mpira umezunguka mara kumi, watoto wakihesabu kwa sauti. Kisha tukapima kwa mita ya seremala. Mizunguko kumi ya mpira wa zamani: mita 22 na nusu. Tukarudisha mipira ya zawadi, tukafanya vile vile: mita 24 na nusu. Tofauti ni mita mbili kwa mizunguko kumi, karibu sehemu tisa kwa mia.

Sasa musikilize vizuri, maana kesi yote iko hapa.

Konteri ya gari la zamani haioni barabara. Haijui Likasi wala Luisha. Kuko waya mmoja unaozunguka, unatoka katika bwati ya vitesi mpaka kwenye kioo cha shofere, na konteri inahesabu mizunguko ya waya ule. Wale waliotengeneza gari walipanga hesabu kwa mpira wa kipimo chake: mizunguko kadhaa, kilomita moja. Ukivalisha mpira mrefu, gurudumu linazunguka mara chache kwa njia ile ile. Konteri inahesabu mizunguko michache, na inaandika kilomita chache. Gari limetembea kilomita 109, konteri inasema 100. Haikuharibika. Inasema bongo kwa sababu tumeibadilishia kipimo bila kuiambia.

Na daftari letu linategemea konteri. Lita zinatoka pompi, ni za kweli. Kilomita zinatoka konteri, ni pungufu. Ukigawanya lita za kweli kwa kilomita pungufu, utapata gari lenye njaa.

Chukueni zile kilomita 3,000. Njia ya kweli ilikuwa karibu kilomita 3,270. Kwa lita 11 kwa kila 100, gari lilikuwa na haki ya lita 360. Daftari lilimpa kijana haki ya lita 330 tu. Kwa hiyo katika lita 48 zilizomletea aibu, lita 30 hazikuibiwa na mtu yeyote, hazikumwagika, hazikupotea. Zilitembeza gari kwenye kilomita ambazo konteri haikuandika.

Zinabaki lita 18. Hatukutaka kuziruka, maana mzee mmoja hapa alituambia tangu mwanzo: "Musituletee hesabu ya kumficha." Sawa, mzee.

Tulifanya safari moja pamoja na kijana, Likasi mpaka Lubumbashi na kurudi. Tuliingia watatu. Gari lilisimamishwa pahali pale pale mbele ya pompi ile ile, kwenda na kurudi, kwa sababu gari likiinama upande mmoja tanki linaonekana limejaa kabla ya kujaa. Tulijaza mpaka shingoni. Mdomo wa tanki tuliufunga kwa waya, na juu yake kitambaa ambacho mama wa sanduku alikishona kwa mkono wake, na uzi wake anaujua yeye peke yake. Tulikwenda na magunia ya mahindi, tukarudi na sementi. Hatukuongeza hewa, hatukubadilisha kitu. Tulitaka gari liwe vile vile linavyokuwaka kila siku. Simu mbili zilipima njia kwa satelaiti na zote zikasema karibu kilomita 240. Konteri ilisema 220. Kitambaa kilirudi kizima. Pompi ikaingiza lita 27.6.

Gawanyeni kwa konteri: lita 12 na nusu kwa 100, karibu sawa na daftari lililomshitaki, kwa maana lita 378 kwa 3,000 ni 12.6. Gawanyeni kwa njia ya kweli: lita 11 na nusu. Sisi watatu tulikuwa ndani, tanki limeshonwa, na gari likala vile vile kama siku ambazo yuko peke yake. Hatusemi kijana ni malaika. Tunasema gari lenyewe limetoa ushahidi, na ushahidi wake unamwachilia.

Hiyo nusu lita inayozidi, yaani zile lita 18 tulizoacha nyuma, ni ya kweli. Gari sasa linakula zaidi kuliko zamani. Juu ya nini?

Kwanza hewa. Tulipima mipira ya nyuma, tukakuta kilo 1.6, wakati mzigo tunaobeba unataka karibu kilo 3. Mpira usio na hewa ya kutosha unajikunja kila unapogusa chini, unapata joto, na joto lile ni mazutu imeungua bule. Idara ya nishati ya Marekani inaandika kwamba kila pauni moja ya hewa ikipungua katika mipira yote minne, gari linapoteza kama 0.2 kwa mia ya mwendo wake kwa mafuta yale yale. Inaonekana kidogo. Lakini kilo moja ni pauni 14 na nusu, na mipira yetu miwili ya nyuma ilikosa karibu kilo 1.4 kila mmoja. Ukigawanya kosa hilo kwa mipira yote minne, ni kama pauni 10, maana yake mbili kwa mia. Karibu robo lita kwa kilomita 100 imepita hapo. Pompi ya mguu ingeizuia.

Pili uzito. Mpira 7.50R16 ni mzito kuliko wa zamani, na uzito ulio kwenye gurudumu haufanani na uzito ulio kwenye sanduku la nyuma. Gunia la mahindi unalisukuma mbele tu. Gurudumu unalisukuma mbele na tena unalizungusha, na kila ukikanyaga freni unaua mzunguko ule, ukianza tena unauzalisha upya. Mjini Likasi, pamoja na mashimo, bendi za barabarani na watoto wa shule, tunasimama na kuanza mara ngapi?

Tatu ni vilima, na hapa tunarudi kwenye fikira ya ndugu yetu wa Lubumbashi. Alisema motere itapumzika. Ni kweli kwamba mpira mrefu ni kama kubadilisha meno ya ponti ya nyuma. Tuseme ponti ina hesabu 4.56, kwa mpira uliozidi tisa kwa mia, inakuwa kama 4.18. Kwa mwendo mmoja motere inazunguka mara chache. Barabarani kwenye lami tambarare, gari tupu, kilomita 70 kwa saa bila kubadilika, mazutu inaweza kupungua kidogo. Tungekuwa tunaishi kwenye tambarare na tunabeba mito ya pamba, tungemwambia asante mara mbili.

Lakini mtu wa kinga anajua habari hii kuliko fundi wa garaji. Wale vijana wanaoshusha makala mjini kwa kinga, gunia mbili au tatu, wanajua kwamba meno yanayokimbia kwenye tambarare ndiyo yanayokuua kwenye mlima. Inabidi ushuke usukume. Gari haliwezi kushuka likasukuma, linarudisha vitesi. Kilima tulichokuwa tunapanda kwa vitesi ya nne, sasa tunakipanda kwa ya tatu, shofere amekanyaga mpaka chini, moshi mweusi nyuma. Moshi mweusi ni mazutu isiyoungua vizuri. Tuliiona kwa macho katika safari ile: ile faida ya tambarare tuliirudisha yote kwenye vilima, na tukaongeza.

Kuko pia watu waliosema mpira mdogo zaidi ndio dawa, sababu jirani mmoja aliweka mipira midogo kwenye kamioneti yake na sasa anajisifu kwamba inakula kidogo. Mumwambie apime njia kwa simu. Kwa mpira mdogo konteri inasema bongo upande wa pili: inaandika kilomita ambazo gari halikutembea. Kwenye karatasi anaokoa, pompi inajua.

Sasa matope. Hapa hatutaficha: katika barabara ya kwetu, kuanzia mvua za mwezi wa kumi na moja, mpira mrefu unatusaidia kweli. Gurudumu kubwa linapita juu ya shimo ambalo gurudumu dogo linaingia ndani, na tumbo la gari linakaa juu kidogo, sentimita tatu na nusu. Kila mtu aliyesukuma kinga ya mtoto na kinga ya mtu mzima katika matope moja anajua ipi inakwama kwanza. Mwezi wa pili tulipita pahali ambapo mwaka uliotangulia tulilala. Hesabu hiyo haiko kwenye daftari la mazutu, na ni haki kuitaja.

Lakini ukipima safari zetu zote, kilomita nyingi tunazitembea kwenye lami, tukienda Likasi, Kambove na Lubumbashi. Matope ni ya miezi michache na kipande kifupi. Vipande viwili vibaya tunavijua wote, na kwa maoni yetu majembe ishirini na mawe ya kifusi kwa siku mbili yatafanya kazi kuliko mipira minne. Kifusi cha kawaida, si cha kutoka kule kwenye zone.

Kuko jambo lingine ambalo si mazutu, na kwetu sisi ni kubwa kuliko mazutu. Freni. Freni inashika katikati ya gurudumu, na barabara inasukuma kwenye ukingo wa nje. Ukingo ukiwa mbali zaidi, mkono wa barabara unakuwa mrefu na wa freni unabaki ule ule. Karibu nane kwa mia ya nguvu imeondoka bila mtu kugusa freni. Na sindano ya mwendo inasema bongo pamoja na konteri: ikionyesha 80, gari liko kwenye 87. Mteremko wa kuingia mjini, magunia nyuma, bamama wamekaa juu ya magunia. Mufikirie wenyewe. Tena gari likibeba sana na volani ikikunjwa mpaka mwisho, mpira unasugua bati la ndani. Alama ziko, tuliwaonyesha wazee wawili kabla ya mkutano.

Kwa hiyo mapendekezo yetu ni haya, na munaweza kuyakataa.

Kuhusu kijana, uamuzi ni wa uongozi na wenu, lakini kamati inasema wazi: daftari lile haliwezi kuwa shahidi. Tunaomba malipo yake yafunguliwe, miezi yote, na yafunguliwe mbele ya watu kama vile yalivyofungwa mbele ya watu. Yule aliyesema neno la kadafi tunamwachia dhamiri yake na miguu yake. Nyumba ya mama wa kijana si mbali.

Kuhusu mipira, tunaomba turudi kwenye 205R16. Ile 7.50R16 haitatupwa na haitauzwa kwa hasara: ni kipimo halisi cha Land Cruiser za kazi, na kampuni ndogo zinazofanya kazi za mgodi upande wa Kambove zinaitafuta kila siku. Tumezungumza na ndugu yetu wa Lubumbashi kwa simu. Alinyamaza kidogo, kisha akacheka, akasema zawadi ni ya kusaidia, ikisaidia kwa kubadilishwa basi ibadilishwe. Yeye mwenyewe atatafuta mtu. Sanduku la kilio lisiguswe kwa sababu hii hata franka moja.

Wakati wa kununua, fundi wetu mmoja lazima awepo. Mipira mingi inayouzwa sokoni ni ya kuvaliwa Ulaya, inaletwa hapa ikipakwa nyeusi, inang'aa kama viatu vya Pasaka. Mutafute ubavuni herufi DOT, na mwishoni mwake namba nne. Ikiandikwa 2309, mpira ulitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2009, na hata kama meno yake bado marefu, mpira huo umezeeka, utapasuka kwenye joto. Na musikubali mpira wa gari dogo la familia eti janti inaingia. Kwa kamioneti tunatafuta mpira uliotengenezwa kwa mizigo, na kwenye aina nyingi utaona herufi C baada ya kipimo. Wa bei ndogo utatuomba jeneza.

Mpaka mipira ibadilishwe, daftari liendelee hivi: kilomita za konteri zizidishwe kwa 1.09 kabla ya kugawanya. Mama wa sanduku amekwisha kufundishwa, na yeye anafanya haraka kuliko sisi. Tukirudi kwenye 205R16 hesabu hiyo inaachwa siku ile ile, na siku ile iandikwe kwa wino mwekundu ili mwaka ujao mtu asifungue kesi nyingine upande wa pili.

Hewa ipimwe kila jumatatu asubuhi, mipira ikiwa baridi, kabla gari halijatembea. Mipira ikishapata moto kipimo kinapanda na utafikiri iko sawa. Kipima hewa kimoja kimenunuliwa kwa mchango wa kamati yenyewe, kiko kwa shofere. Bashofere waendeshe kwa 75 barabarani, si 90. Upepo unasukuma gari kwa mraba wa mwendo: kati ya 75 na 90 nguvu ya upepo inazidi karibu mara moja na nusu, na kamioneti yenye magunia yaliyosimama nyuma ni ukuta. Kwa mazutu, mwendo huo mmoja utafanya zaidi kuliko mabishano yote tuliyofanya juu ya mipira.

Na kile chuma cha kubebea mizigo juu ya kichwa cha gari, kama hakuna mzigo juu yake, kitolewe. Kiko pale tangu kilio cha mwaka jana.

Jumamosi tutarudia kipimo cha chaki pale uwanjani, saa mbili asubuhi, kwa wale wasiotuamini na kwa watoto waliokosa. Atakayekuja alete chaki. Ile ya kwanza ilikwisha. Kijana shofere ndiye atakayesukuma gari, na mama yake amesema atakuja kuhesabu.